Nyumba ya Frigolite

Nyumba ya Phinées iliuma watu. Mtu yeyote wa Butembo aliyepita kilimani pale mwaka wa elfu mbili na mbili angekuambia hivyo, wala asingecheka. Ukigusa bomba la bafuni, linakuuma. Ukifungua friji bila viatu, inakuuma hadi kwenye kiwiko. Mgeni mmoja wa kanisani alishika kitasa cha mlango wa chuma mkono mmoja na Biblia mkono wa pili, akaviacha vyote viwili kwa mpigo. Wengine walisema ni uchawi. Wengine walisema ni Lusenge, yule fundi umeme aliyefia mikononi mwa askari, ndiye anayelipiza kisasi.

Hao wa pili walikaribia, ila walikosea mtu. Lusenge alikuwa amekufa, na wafu hawajishughulishi na nyaya. Aliyekuwa akilipiza ni mke wake, Emérence, ambaye alikuwa hai kabisa kule Beni, mtaa wa Mulekera, akitengeneza pasi na redio za watu kwenye baraza la dada yake Julie. Kila mchuuzi aliyetoka Butembo, Emérence alimkalisha, akampa chai, akamuuliza habari za nyumba ile. Imemuuma nani safari hii? Wapi? Alianguka au alipiga kelele tu? Mchuuzi akishaondoka, Emérence alirudia kazi yake akiwa amechangamka siku nzima.

Tuanze na nyumba yenyewe, maana ilikuwa kichekesho tangu mwanzo. Phinées aliuza vitenge. Mwaka wa tisini na tisa, vita vikiwa vimekwisha kuikata nchi vipande, yeye alikwenda Dubai kufuata vitenge akarudi na kontena zima la matofali meupe ya frigolite, ile mousse nyepesi inayofungiwa televisheni ndani ya katoni. Matofali yalikuwa na uwazi katikati. Unayapanga moja juu ya jingine, unasimamisha nondo ndani, unamwaga zege kwenye uwazi, na frigolite inabaki pale pale, koti la ndani na koti la nje. Aliyemuuzia alimwambia kwamba baridi haipiti ukuta kama huo. Phinées, ambaye baridi ya Butembo ilimlaza na sweta mbili, aliamini papo hapo.

Mji ulicheka. Kuku wa majirani walipogundua ule ukuta mweupe walikuja kuudonoa, na kwa wiki mbili mkewe, Gracieuse, alishinda nje na fimbo akilinda nyumba isiliwe na kuku. Waashi walimwaga zege, nyumba ikasimama, watu wakaacha kucheka. Ndipo ikaja habari ya umeme. Mafundi walifika na nyundo na patasi, kama walivyozoea kwenye ukuta wa matofali ya udongo. Patasi iliingia kwenye frigolite vidole vitatu, ikagonga zege, ikarudi. Wakasema basi nyaya zitapita juu ya ukuta, zipigiliwe misumari. Phinées akakataa. Hakutoka Dubai na kontena ili aishi ndani ya utando wa buibui.

Ni Lusenge peke yake aliyekaa mbele ya ule ukuta nusu siku akiuchunguza, kisha akamwomba Emérence awashe mbabula, lile jiko la makaa.

Kisu kilichotiwa kwenye makaa kinapita ndani ya frigolite kwa urahisi kabisa. Emérence alipasha visu viwili. Kimoja kikipoa mkononi mwa mumewe, alimpa kingine, na hivyo hivyo kutwa nzima, macho yakiwawasha kwa moshi. Lusenge alichora mfereji wa vidole viwili kwenda chini, akalaza ndani yake gaine, ule mrija mweusi wa plastiki wa kupitishia waya. Hakukubali waya ulale mtupu kwenye frigolite. Alikuwa ameona kipande cha waya kilichoachwa humo miezi michache, ngozi yake imekauka na inapukutika. Frigolite inakula ngozi ya waya, alisema. Fundi mwingine asingejisumbua, kwa kuwa plasta ingefunika yote na hakuna ambaye angejua.

Ukuta ule ulikuwa na tabia moja zaidi: ulimeza sauti. Mmoja akisimama sebuleni na mwingine ghalani, hata wapige kelele namna gani, hawasikilizani. Wakagundua kwamba gaine inapeleka sauti. Lusenge aliweka mdomo upande wake, Emérence sikio upande wa pili.

“Vuta.”

“Navuta.”

“Acha. Unanisikia?”

“Nakusikia.”

“Leo mangaribi napenda bugali na sombe. Hapana viazi tena. Siku tatu viazi, mama, hata askari banakulaka muzuri kunishinda.”

Emérence alicheka mdomo ukiwa kwenye mrija, na cheko lake likamtokea mumewe sikioni upande wa pili, naye akacheka. Walifanya kazi hivyo wiki sita. Baadaye, kule Mulekera, alipotaka kuikumbuka sauti ya Lusenge, haikumjia ile ya mezani wala ya kitandani. Ilimjia ile ya ndani ya mrija, yenye mwangwi, karibu kuliko zote.

Siku ya mwisho ya kazi ilikuwa Jumamosi, mwezi wa pili wa mwaka elfu mbili, asubuhi ya jua. Ulibaki waya mmoja tu, ule wa kijani na njano, ambao mafundi huuita fil ya terre, yaani waya wa udongo. Kazi yake ni nyepesi kueleza. Umeme ukitoroka mahali, ukaingia kwenye bati la friji au kwenye bomba, waya huo unaushika na kuushusha chini kabla haujampata mtu. Lusenge alikuwa ameukusanya waya wa udongo wa kila chumba kwenye boksi moja, ndani ya ukuta wa ghala. Kutoka hapo waya mmoja ungetoka hadi nje, hadi kwenye nondo ya shaba aliyoipigilia ardhini upande wa barabara. Siku tatu kabla alikuwa amemsimamisha Phinées pale pale kwenye nondo akamweleza, na Phinées, mtu asiyependa kulala na kitu asichokielewa nyumbani kwake, aliyarudia maneno yote mpaka Lusenge akaitikia kwa kichwa kwamba sawa.

Chini ya kilima palikuwa na barrière, kizuizi cha askari barabarani. Wiki ile walikuwa wakitafuta phonie, redio za kuongelea mbali, kwa sababu walisema kuna mtu mjini anayewapasha habari watu wa porini. Phinées alikuwa na phonie. Ilikuwa kwenye kabati la chumbani, chini ya mashuka, bila kibali, na aliitumia kuongea na wauzaji wake wa Kampala. Emérence aliijua, kwa sababu ni yeye aliyepitisha waya wa chumba kile.

Alikuwa ghalani, waya mkononi, sikio kwenye gaine, akisubiri Lusenge, aliyekuwa nje kwenye nondo, amwambie avute. Badala ya “vuta” alisikia buti.

“Singa oyo ya nini?” Kilingala cha askari. Kisha Kiswahili: “Hii kamba inaingia mu udongo, iko ya nini? Iko ya phonie?”

“Hapana, chef. Iko fil ya terre. Iko ya kulinda batu na moto. Muulize patron, nilimuelezaka.”

Wakamwita Phinées. Emérence alisikia viatu vyake vya ngozi kwenye changarawe, taratibu, vikasimama.

“Patron, hii kamba iko ya nini?”

Palipita muda. Mtu anaweza kuvuta pumzi mara mbili katika muda huo, na Emérence alizihesabu baadaye mara nyingi.

“Mi sijue,” alisema Phinées. “Uliza fundi. Yeye njo aliiweka.”

Basi. Fundi kasema mwenye nyumba anajua, mwenye nyumba kasema hajui, kwa hiyo fundi ni mwongo, na mwongo mwenye waya ardhini ni mtu wa phonie. Kilisikika kishindo cha kitako cha bunduki na pumzi iliyokatika. Kisha, kwa sauti ya chini, mdomo ukiwa umesogezwa kabisa kwenye mrija, Lusenge alisema neno lake la mwisho kwa mke wake.

“Usivute. Baki kule.”

Alibaki. Waya ulikuwa umekazika mkononi mwake, halafu ukalegea.

Askari walipokwisha kushuka kilima na Lusenge, Emérence alifanya kitu ambacho hakukipanga. Aliogopa kwamba watarudi, waufuate waya, waingie ndani. Akauvuta wote kutoka nje, akauzungusha ndani ya boksi, akafunga kifuniko, akachota plasta iliyokuwa imekorogwa kwa kazi nyingine akaifunika kwa kiganja. Plasta nyingine ikamwagikia kwenye kanga. Jumatatu waashi walipitisha mwiko juu yake bila kujua, kisha wapaka rangi wakapaka. Hivyo ndivyo nyumba ya Phinées ilivyobaki bila udongo, na hivyo ndivyo ilivyopata meno.

Mtu mmoja alimwona Lusenge kwenye lori lililoelekea Beni. Emérence akaenda Beni. Alizunguka cachot kwa cachot, mahabusu zote za askari, na sahani ya chakula iliyofungwa kwenye kitambaa, akaulizwa jina, akafukuzwa, akarudi kesho yake. Mwezi wa nne mtu aliyefunguliwa alimwambia kwamba fundi wa Butembo hakumaliza wiki ya kwanza. Walizikwa wengi pamoja, hakujua wapi. Emérence hakurudi Butembo. Alibaki Mulekera kwa Julie, kwa sababu mumewe alikuwa katika udongo wa upande huo, ingawa hakujua sehemu ya kupiga magoti.

Na Phinées? Phinées alikuwa mzee wa kanisa la Kiprotestanti. Jumapili alisimama mbele ya watu akasimulia jinsi alivyowasihi askari wamwache fundi wake, akawasihi, mpaka wakampiga na bunduki, na akaonyesha kovu juu ya nyusi. Wamama walilia. Kovu lile alilipata kwa mlango wa Hilux yake mwenyewe, lakini ni nani angemuuliza? Wakamwombea yeye na fundi kwa pamoja. Akampelekea mjane gunia la maharagi na kitenge kizuri cha kijani. Maharagi Julie aliyapika. Kitenge Emérence alikichana vipande, akafutia oili ya groupe, yaani jenereta.

Emérence alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa kila siku ya Mungu. Kwenye Baba Yetu alifika pale pa kusamehe, akafunga mdomo, akawasubiri wengine kwenye mstari unaofuata. Hakumficha Mungu. Alimchukia Phinées asubuhi kabla ya kuosha uso na alimchukia jioni akitandika godoro. Chuki ilimpa nguvu ya kuamka. Wapo watakaosema chuki humwumiza aliyenayo. Emérence alinenepa.

Mwezi wa saba mwaka wa elfu mbili na mbili, Hilux ikasimama mbele ya baraza la Julie. Phinées akashuka, amekonda, amevaa soksi na viatu vya mpira mzito kama mtu aliyezoea kuogopa sakafu.

“Mama Emérence,” alisema akikaa kwenye benchi. “Nyumba inatumaliza. Nilimuitaka fundi Kitsa, alipasua ukuta fasi saba, hakupata kitu. Mwezi wa jana ilimupiga Gracieuse mu douche. Alianguka, akavunjika mukono. Wewe ulikuwaka na mume yako. Unajua njia ya bakamba.”

Emérence aliendelea kufunga skrubu ya pasi aliyokuwa nayo. Lile jina la Gracieuse lilimchoma kidogo, na hakupenda kuchomwa. Gracieuse ndiye aliyekuwa akiwaletea chai saa nne, maziwa mengi kuliko majani.

“Nitakuya,” alisema.

“Aksanti, mama. Mungu akubariki. Unajua vile nilimusemeaka mume yako kwa askari.”

“Najua,” alisema Emérence. “Najua muzuri.”

Siku tatu alifikiri. Njia ya kwanza aliyoiona ilikuwa fupi: kuufunga ule waya wa udongo kwenye waya wa moto. Skrubu moja tu. Tangu hapo kila bomba, kila kitasa, kila bati la nyumba ile lingebeba umeme wote wa groupe, na nyumba isingeuma tena, ingeua. Aliipenda njia hiyo kwa nusu saa nzima. Kisha akaona ni mkono wa nani utakaotangulia kwenye bomba asubuhi, na ule mkono ulikuwa umefungwa bandeji. Akaiacha, kwa hasira.

Njia ya pili ilikuwa nzuri zaidi. Hakuhitaji kumgusa Phinées. Alihitaji kumsimamisha tu mahali aliposimama Lusenge, ashike alichokishika Lusenge, mbele ya barrière ile ile, mchana kweupe. Halafu wangekuja kuuliza. Wangemwuliza fundi, maana fundi ni yeye sasa, naye angewajibu kwa yale maneno mawili. Mi sijue. Hayakuwa yake. Alikuwa ameyatunza miaka miwili na miezi mitano ayarudishe kwa mwenyewe.

Akafika Butembo siku ya Alhamisi asubuhi. Gracieuse alimpokea mlangoni, mkono kifuani kwenye kitambaa, akampa chai. Maziwa mengi kuliko majani. Emérence aliinywa akitafuta kitu cha kumchukia yule mwanamke. Hakukipata, akaiacha chai nusu.

Ghalani alisimama kwenye fremu ya mlango akaanza kupima kwa shibiri. Lusenge aliweka maboksi yake yote shibiri nane za mkono wake kutoka mlangoni. Mkono wa Emérence ulikuwa mdogo, kwa hiyo alihesabu tisa na kidole gumba. Kitsa alikuwa amepasua ukuta kwenye mstari huo huo mara mbili, lakini juu, usawa wa kichwa cha mwanaume, ambako kila fundi wa Butembo huweka boksi lake. Lusenge aliyaweka usawa wa bega la mke wake, ili asinyooshe mikono kutwa nzima. Hakuwahi kumwambia mtu. Emérence aligonga plasta pale begani pake, ikatoa sauti ya uwazi, akapiga patasi mara tatu. Waya ulikuwa ndani, umezungushwa kama alivyouacha, na kwenye plasta iliyoanguka palikuwa na alama za vidole vyake mwenyewe.

Alikaa kidogo kwenye gunia la mchele. Kisha akaita.

“Patron, nahitaji mutu wa kushika kamba kule inje.”

“Nitamuita sentinelle wa ku mulango.”

“Hapana. Iko kazi ya mwenye nyumba. Kamba ya terre anaipokeaka mwenye nyumba.”

Ni uongo mtupu, hakuna desturi kama hiyo, ila mtu aliyeumwa na nyumba yake miaka miwili anaamini lolote. Phinées akatoka nje na shati lake jeupe. Emérence akausukuma waya kwenye gaine mpaka ukatoboa rangi na plasta nyembamba ya upande wa pili, ukatokea.

“Vuta, patron,” alisema kwenye mrija.

“Navuta.”

“Vuta tena. Vuta. Ongeza.”

Umbali hadi kwenye nondo ulikuwa hatua mbili. Alimvutisha mita kumi na mbili. Shaba ya ncha aliyokwisha kuimenya ilimetameta juani, na mwanaume aliyekonda wa shati jeupe akasimama nayo mikononi, akiikusanya mbele ya barabara, mbele ya barrière. Emérence akaweka sikio kwenye gaine. Moyo wake ulikuwa umetulia kabisa. Alikuwa na furaha, na ni vizuri kusema hivyo waziwazi.

Hawakuchelewa. Barrière ile ile, askari wengine, buti zile zile.

“Singa oyo ya nini?”

Askari wa pili akaingilia kwa Kiswahili.

“Patron, banakuuliza. Hii kamba iko ya nini?”

Emérence alifumba macho. Alitaka kusikia atakavyohangaika, atakavyotafuta maneno aliyofundishwa na Lusenge pale pale kwenye nondo.

“Mi sijue muzuri, chef,” alisema Phinées. “Fundi iko ndani. Uliza fundi. Yeye njo anaiweka.”

Alirudia. Mbwa yule alirudia yale yale, na safari hii aliyekuwa akimtupia askari ni yeye, Emérence, mjane aliyekuja kuiponya nyumba yake. Alicheka kwa sauti ndani ya ghala la watu, kisha akajifuta mikono, akatoka nje kabla hawajamfuata.

Walikuwa wawili. Mkubwa wao alivaa miwani ya jua. Gracieuse alikuwa amesimama kwenye kizingiti. Phinées alikuwa bado ameshika waya, jasho limemlowesha kwapa, na macho yake yote yalikuwa kwa Emérence.

“Mama, weye njo fundi?”

“Njo mimi.”

“Hii kamba iko ya nini? Patron anasema hajue.”

Maneno mawili yalikuwa tayari kwenye ulimi. Alishayarudia njia nzima kutoka Beni. Aliwaza watakavyomsukuma na shati lake jeupe, lori litakavyoondoka, na kimya kitakachofuata. Yote hayo yalimpendeza. Kisha aliiona Jumapili. Aliona kanisa limejaa, watu wakilia, jina la Phinées na jina la Lusenge yakisomwa pamoja kwa pumzi moja, mashujaa wawili wa imani, wahanga wawili wa vita, na lile kovu la mlango wa Hilux likisimuliwa kwa wajukuu. Angekufa mwema. Hilo Emérence hakuweza kulivumilia.

Hakumhurumia. Asiwepo mtu wa kusema alimhurumia.

“Iko fil ya terre, chef,” alisema. “Moto ikitoroka mu nyumba, inashuka mu udongo, haiue mutu.”

Yule wa miwani aliufuata waya kwa ncha ya buti mpaka kwenye nondo. Akaipiga nondo teke dogo.

“Aa,” alisema. “Terre. Ku camp nako iko.”

Akaomba sigara. Phinées akatoa pakiti nzima, na wale wawili wakashuka zao kilima wakigawana. Haikufika dakika mbili.

Kuku wa jirani alikuja kudonoa vipande vya plasta.

“Njo ile tu?” aliuliza Gracieuse kutoka kizingitini. Alikuwa anawatazama askari migongoni. “Banauliza, unabajibu, banaenda?”

“Njo ile tu, mama,” alisema Emérence.

Gracieuse akamgeukia mumewe. “Basi ile siku ya fundi Lusenge, weye ulibaambiaka nini?”

“Nilibaombaka. Unajua. Nilibaombaka sana, mpaka bakanipiga…”

“Patron,” alisema Emérence, wala hakupandisha sauti. “Nilikuwaka ndani. Sikio yangu ilikuwa ku gaine. Sema vile ulisemaka.”

Phinées alitazama tundu la ukutani, lile tundu jeusi la mrija kwenye ukuta wake wa Dubai, na alielewa. Akamtazama mkewe, akamtazama kuku, akautazama waya alioushika. Emérence alimsubiri. Angemsubiri mpaka jua lizame, alikuwa amekwisha kusubiri zaidi ya hapo.

“Nilisemaka sijue,” alisema Phinées.

“Na ulijua?” aliuliza Gracieuse.

“Nilijua.”

Gracieuse hakulia. Aliweka sawa begani kitambaa cha mkono wake, akapita katikati yao, akateremka kuelekea kwa wamama wenzake wa kanisa, waliokutana kila Alhamisi nyumba ya tatu kutoka pale. Alitembea kama mtu anayejua atakachosema akifika.

Emérence akarudi ghalani, kwa kuwa kazi ilikuwa haijaisha na Lusenge hakuacha kazi nusu. Alitoka mara moja kufunga waya kwenye nondo, akipita karibu na Phinées bila kumtazama, akakata ule uliozidi. Ndani alikaza skrubu. Akaenda bafuni, akavua viatu, akalowesha miguu, akashika bomba kwa mkono wenye maji. Halikumfanya kitu. Akashika friji, akashika kitasa. Nyumba ilikuwa imepona.

Aliporudi kukoroga plasta, alisikia sauti kwenye gaine. Ilikuwa na mwangwi, karibu sana, kama mtu aliyeegemeza paji la uso kwenye ukuta upande wa pili.

“Mama Emérence. Unanisikia?”

Alimimina maji kwenye plasta.

“Mama, niko naomba. Niliogopa. Ilikuwa phonie, mama, niliogopa. Unisamehe. Unanisikia?”

Alimsikia. Alimsikiliza mpaka mwisho wa sentensi, akiikoroga plasta isije ikashika bakulini. Kisha akachota ya kujaa kiganja, akaibandika kwenye mdomo wa mrija, kuuzunguka waya, akaikandamiza kwa kidole gumba. Sauti ikapungua. Akaongeza kiganja cha pili, akalainisha, mpaka ukuta ukawa sawa na hakukusikika tena kitu. Halafu akatafuta maji ya kunawa mikono.